Unga wa Lidia Kichwani kwa Stella

Mdandu,
Wanging'ombe, Njombe.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Lidia,

Kamwene. Najua huko Ujerumani hakuna wa kukuamkia hivyo, basi ipokee hapa kwenye karatasi na uitikie peke yako. Figo zinasemaje? Mashine bado ni mara tatu kwa wiki, au wamekuongezea? Ule uvimbe wa miguu umepungua? Stella anasema siku ukitoka kwenye mashine huli wala husemi, unakaa tu dirishani umejifunika blanketi. Kula, Lidia. Hata uji. Usifanye ukaidi na chakula, ule ulionao unatosha.

Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu ni ya kukomoa watu. Asubuhi nyasi zote nyeupe, viazi vya bondeni vimeungua majani, na goti langu la kushoto limegoma kabisa. Mama yu hai. Naliandika hilo mapema ili usiisome barua hii mbiombio ukitafuta msiba. Hakuna msiba. Soma polepole.

Utashangaa nakuandikia barua wakati simu ipo. Ukipiga simu, mdogo wetu Jofrey yuko pembeni, mkewe Erica yuko pembeni, na anayeishika simu ni Stella mwenyewe. Halafu mimi nikianza kulia kwenye simu nakata, unanijua. Kwa hiyo barua hii nitaifunga kwa gundi, nimkabidhi Stella Jumanne akipanda basi Makambako, nimwambie ni ya mama yake tu. Kiswahili chake cha kusoma ni cha kubahatisha, lakini gundi haidhuru.

Nianze na mazuri, maana ni machache na yataisha upesi. Umezaa mtoto, Lidia! Tulimpokea pale Makambako Jumamosi ya tarehe 22 mwezi uliopita. Jofrey alikuwa amevaa koti lake la harusi, lile ambalo sasa halifungi tumboni, anapunga kofia kwa kila basi linaloingia hata yale yanayotoka Mbeya. Stella akashuka na koti lake jekundu na begi kubwa kuliko yeye, akatuamkia shikamoo sisi wote, akamwamkia kondakta, akamwamkia na mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni kwa Erica. Mtoto hakuitikia. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia.

Amekula kila kitu, usiwe na wasiwasi. Kande amekula, mboga ya maboga amekula. Parachichi anapaka kwenye mkate kila asubuhi, mpaka Erica akauliza kama huko kwenu siagi imepigwa marufuku. Amepiga picha kuku, amepiga picha choo, amepiga picha moshi. Siku moja aling'ang'ania kwenda kuchota maji, akarudi na nusu ndoo, nusu nyingine iko kwenye viatu. Nilikuwa sijacheka hivyo muda mrefu, mdogo wangu, na nakushukuru kwa kumleta.

Sasa nikueleze habari za mama. Tangu tumtoe hospitali ya Ikonda mwezi wa tatu, macho yake yanaona mwanga na kivuli tu. Madaktari walisema moyo umechoka na macho hayarudi tena, wakatupa dawa, wakasema tukae naye nyumbani tumtunze. Akili inakwenda na kurudi. Kuna siku ananipangia kazi za shamba vizuri kabisa, mtaro huu, mbegu ile. Kuna siku ananiuliza mimi ni mke wa nani.

Tulipofika nyumbani na Stella, mama alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, karibu na moto. Ulimfundisha salamu vizuri mno. Mtoto akapiga magoti akasema, "Kamwene, mama," na sauti ile ni yako. Sisemi inafanana. Ni yako, ile uliyokuwa nayo ulipokuwa kidato cha nne. Mama akanyoosha mkono, akampapasa uso, akafika kwenye paji, hili paji letu la kutokeza tulilorithi kwa baba. Akasema, "Lidia. Umekonda."

Nikamwambia, "Mama, huyu ni Stella, mtoto wa Lidia."

Akanigeukia kwa ule ukali wake wa zamani. "Esnath, aliyemzaa Lidia ni mimi au ni wewe?" Jofrey akacheka. Basi na mimi nikaliacha.

Jioni ile mama alikula. Alimaliza bakuli zima la kande, yeye ambaye tangu Pasaka alikuwa akila vijiko vitatu na kusema ameshiba. Kesho yake akaomba tumtoe nje aote jua. Akawa anamshika Stella mkono kutwa nzima, anamsimulia mambo kwa Kibena, na Stella anaitikia "ee, ee" bila kuelewa hata neno. Jofrey akasema tumwache siku mbili tatu apate nguvu, ndipo tumweleze taratibu. Nilikubali. Stella tulimwambia bibi anachanganya majina asije akaudhika, akasema haina shida, hata bibi yake wa huko huwa anamwita kwa jina la paka.

Kosa lenyewe lilikuwa hilo, Lidia. Tulidhani tunampa mama siku mbili za furaha.

Sikukumbushi neno lile ili nikuumize. Najua unalikumbuka kuliko mimi. Mwaka ule wa 2002, baba akiwa kitandani, mama alikusihi usubiri, na wewe tiketi unayo mkononi na chuo cha uuguzi kinakungoja. Ulipobeba begi, alikufuata mpaka barabarani, akasema mbele ya baba mdogo Manase, "Ukienda, na mimi nikifa usije kunizika. Mikono yako isishike udongo wangu." Ukaenda. Siku ya tisa baba akafariki. Miaka ishirini na miwili umeomba neno hilo lifutwe, na kila ukipiga simu mama anajibu lilelile, kwamba neno alilolisema uso kwa uso halifuti kwenye simu.

Ndiyo maana daktari wako alipokukataza kupanda ndege, ukamtuma Stella na maombi yako umeyarekodi kwa Kibena. Na safari hii mambo yalikuwa yameiva. Nilimwendea baba mdogo, shahidi wa neno lile, mara mbili mwezi wa tano, akakubali, akanieleza utaratibu wa kumfutia mtu aliye mbali. Mama asikilize maombi yako. Akiridhika, achukue unga wa ulezi, auweke kiganjani mwa Stella, aseme, "Mpelekee Lidia." Unga wa kutumwa huwekwa kiganjani. Kichwani huwekwa wa mwenye kosa mwenyewe. Stella angefumba mkono, tungemfungia kwenye kitambaa, na keshokutwa unga huo ungeanza safari ya kuja kwako. Njia ilikuwepo, mdogo wangu, na ilikuwa imenyooka.

Jumatano ile, siku ya tano tangu Stella aje, mama hakutusubiri. Aliamka mchangamfu, akamtuma Erica akamwite baba mdogo. Mimi akaniagiza ulezi, nikadhani anataka uji. Nikausaga mwenyewe kwenye jiwe, kwa goti hili hili. Baba mdogo alipoingia na kukaa, mama akasema, "Lidia, mwanangu, piga magoti."

Stella jina hilo alishalizoea, na Jofrey akamwonyesha kwa mkono. Akapiga magoti. Baba mdogo akanitazama. Jofrey akatazama chini. Wote walikuwa wananisubiri mimi, maana katika nyumba hii mwenye mdomo ni mimi. Mimi niliyebishana na mchungaji mbele ya washarika wote, mimi niliyemfukuza yule mchumba wa kwanza wa Jofrey na vikapu vyake, siku hiyo sikusema neno.

Mama akachota unga kwa vidole vitatu, akaunyunyiza kichwani kwa Stella, mwingine ukamwangukia mabegani kwenye lile koti. Akasema kwa Kibena, nami nakuandikia kwa Kiswahili ili usije ukasema sikuelewa: "Nilisema usinizike. Leo nalifuta. Utanizika wewe. Mikono yako ndiyo itakayotangulia kushika udongo wangu." Halafu akalia. Mama, Lidia! Ambaye hata kwenye msiba wa baba alituambia tunapiga kelele. Stella naye akalia bila kujua analilia nini, akamkumbatia.

Yale maneno uliyoyangoja miaka yote hiyo yalisemwa vizuri, hayakupungua hata moja. Nilikuwepo. Yalisemwa kwa mwingine.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza na mimi. Kwanza ni uso wa mama, ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo, na mimi sikuwa na moyo wa kumtwisha tena. Hilo ndilo ninalowaambia watu. La pili sijamwambia mtu. Nilikuwa na wivu. Miaka ishirini na miwili namwogesha, nampikia, namgeuza kitandani, nampeleka Ikonda na kumrudisha, na kichwa changu hakijawahi kuguswa na chembe ya unga ule, kwa sababu sikuwahi kumkosea. Nilisimama pale nikawaza, acha uanguke popote utakapoanguka, mimi haunihusu. Niliwaza hivyo mara moja tu, na ilipopita kichwani mama alikuwa amekwisha kukung'uta vidole. Nisamehe kama unaweza. Ukishindwa, sitakulaumu.

Jioni nilimfuata baba mdogo kwake. Nikamwambia mama alikusudia Lidia, jina alilolitaja ni Lidia, kwa hiyo neno limefutwa kwa Lidia. Akasema, "Nia anaijua Mungu, mwanangu. Mimi shahidi niliona kichwa, na kichwa hakikuwa cha Lidia." Nikamwomba tumrudie mama, aweke mwingine kiganjani. Akasema tujaribu, lakini mama aseme kwa kinywa chake kwamba Lidia yuko mbali. Asiposema hivyo ni bure.

Tukajaribu. Jumamosi iliyofuata tulimwekea mama maombi yako, Stella ameshika simu karibu na sikio lake. Alisikiliza yote. Ulipofika pale mwishoni ulipoanza kulia, mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye migomba. Niliporudi mama alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, "Maskini. Huyo mama amefiwa?"

Nikamwambia, "Mama, huyo ndiye Lidia. Yuko Ujerumani, anaumwa figo. Anakuomba msamaha."

Akamgeukia Stella, akamgusa goti. "Lidia, zima hiyo simu mwanangu, utamaliza chaji."

Nimerudia mara tatu kwa siku tofauti. Mara ya tatu alinikasirikia, akaanza kuhema vibaya, midomo ikabadilika rangi, Jofrey akaninyang'anya simu na kuniambia nitamuua. Ana haki. Sijaigusa tena.

Nilikwenda hata kwa mchungaji. Akaniambia Mungu hahitaji unga wa ulezi ili asamehe, na wewe umesamehewa siku nyingi. Nikamwambia hilo nalijua, tumelisoma tangu kipaimara. Lakini aliyetamka neno lile barabarani hakuwa Mungu, alikuwa mama yetu. Mchungaji akaniombea, nikarudi nyumbani.

Usiniulize tufanye nini, maana nimefikiri mpaka nimechoka. Nimewaza hata uje mwenyewe, daktari wako akigeuza mawazo. Kisha nikakuona akilini umeingia jikoni. Mama atakupapasa uso. Lidia wake sasa anamjua, ana sauti ya kisichana na mashavu magumu, anaitikia "ee" kwa kila kitu. Wewe una miaka arobaini na saba, umekonda na umechoka. Ataniuliza huyu mgeni ni nani. Pengine itabidi nikutambulishe kuwa wewe ndiye Stella. Pengine atakukaribisha.

Stella hajui lolote. Aliniuliza unga ulikuwa wa nini, nikamwambia ni baraka ya mgeni kwetu. Alifurahi, akaandika kwenye kidaftari chake. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe. Ila ujue kwamba mama akifunga macho, kwa utaratibu wetu anayepaswa kutangulia kushika udongo ni yeye, na atakuwa huko kwenu darasani, hana habari. Baba mdogo amesema tutamsubiri siku moja, kisha tutazika.

Jumanne asubuhi tunampeleka Makambako. Mama hatujamwambia kwamba anaondoka. Tumemwambia Lidia anakwenda Makambako sokoni, na mama amekwisha agiza chumvi na sabuni ya mche, na akasisitiza usije ukadanganywa bei kama kawaida yako. Kwa hiyo kuanzia Jumanne jioni ataniuliza kama Lidia amerudi sokoni, na mimi nitamwambia bado. Kesho yake ataniuliza, nitamwambia bado. Ndiyo kazi yangu iliyobaki, na sijui nitaifanya mpaka lini. Naogopa siku atakapokumbuka kwamba ulishawahi kuondoka.

Kuna jambo moja la kijinga nimelifanya, nawe usinicheke. Lile koti jekundu nimemkataza Stella asilifue. Unga ungalipo kwenye mshono wa bega la kulia, kidogo sana, ukilisogeza kwenye mwanga utauona. Nilimwuliza baba mdogo, akasema huo ni unga wa kichwani, umeshafanya kazi yake, huo sasa ni uchafu tu kwenye nguo. Najua. Hata hivyo Stella akivua koti, lichukue. Lining'inize chumbani kwako au livae, upendavyo. Sina kingine cha kukutumia kilichotoka kwenye vidole vya mama.

Jofrey anakusalimu sana, anasema begi la Stella sasa limejaa parachichi na uwanja wa ndege wakileta shida awaambie ni dawa. Erica anakusalimu, na mtoto wake ambaye bado anadaiwa marahaba. Baba mdogo Manase anakusalimu, amesema nikuandikie kwamba hana kinyongo na wewe na kwamba anasikitika. Majirani wote wanakusalimu. Mungu akae nawe siku za mashine na siku zisizo za mashine, na akupe usingizi.

Mama hakukutumia salamu. Nilimwomba asubuhi hii kabla ya kwenda kanisani, nikamwambia, mama, namwandikia Lidia, nimwambie nini? Akacheka. Akasema, "Salamu za nini, na Lidia yuko hapa anamenya viazi?"

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Esnath